Ng'ombe wa Mbao

Mzee Kosgei hakuwa mtu wa kupitia mahali. Akikwambia "napitia tu," ujue ametoka nyumbani na jambo moja kichwani na mengine yote ni kisingizio. Ndiyo maana Jumamosi ile, alipopiga simu akasema yuko hapo Elburgon kutafuta mbao za kibanda cha ndama, na kwamba atapitia shuleni kwake dakika moja tu, Chelangat hakudanganyika. Mbao zipo hata kwao Olenguruone. Nani anafunga safari yote ile kwa ajili ya ndama?

"Uko na nani, Baba?" aliuliza.

"Na shangazi yako Chepkurui. Yuko hapa ananunua ndizi kama mtu ambaye hajawahi kuona ndizi."

"Na unapitia kufanya nini?"

"Kukusalimia. Kwani ni makosa?" Kisha mzee akatoa lililomleta. "Huyo mwalimu wa vidoli yuko?"

Haya basi. Siku yenyewe ilikuwa imefika, na Chelangat hata nywele hakuwa amechana.

Mwalimu wa vidoli alikuwa Joash Wanyonyi, mwalimu wa historia, mtu ambaye Chelangat alimpenda kwa namna iliyomtia aibu mwenyewe. Mwanamke mzima, mwalimu wa kemia, anasahau chai mezani hadi inapoa kwa sababu tu mtu fulani amepita dirishani na chaki sikioni! Miaka miwili walikuwa pamoja. Pasaka iliyopita alijikaza akamtaja nyumbani, na babake akasikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mtu na ndevu zake anakaa kuchonga askari wa mbao," alisema. "Halafu mimi niwaite wazee wa ukoo, wanywe maziwa yangu ya mursik, wakae kumjadili mtu wa vidoli? Hapana. Na kwao ni wapi? Kota za reli Nakuru si kwao kwa mtu yeyote."

Chelangat alichukua kikombe kile akaenda kukiosha. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo, na huyu mzee ndiye aliyemsuka nywele, tena vibaya, hadi darasa la nne. Alikuwa amejiapiza kwamba hataolewa kwa mlango wa nyuma. Baba akikubali, wajomba wa Joash wangekuja Agosti kuposa kama watu. Baba akikataa, ilikuwa imeisha, na Joash alijua hivyo.

Alimkuta Joash kwenye chumba cha mwisho, kile ambacho wanafunzi wanakiita Vitani. Madawati sita yalikuwa yamesukumwa pamoja na kufunikwa ubao mpana. Juu yake, unga wa msumeno uliotiwa rangi ya kijani ulikuwa nyasi, vipande vya sufi vilikuwa msitu, na utepe wa buluu ulikuwa mto. Reli ilipita katikati, na kando yake nguzo za simu za njiti za kiberiti zilizofungwa uzi wa cherehani. Askari, wapiganaji wa Kinandi, wabebaji mizigo na ng'ombe, wote walikuwa wa mbao, hakuna aliyezidi urefu wa kidole. Joash aliwachonga kwa mabaki ya miti kutoka viwanda vya mbao, naye Chelangat aliwapaka rangi za kucha. Huko ndiko mapenzi yao yalikoanzia, vichwa viwili vimeinamia ng'ombe mmoja.

"Baba anakuja," alisema Chelangat.

Joash alikuwa akirekebisha nguzo ya simu. Ilimwanguka. "Lini?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi ya mchana au sasa hivi sasa hivi?"

"Joash, yuko getini!"

Akamtazama. Joash alikuwa na macho yanayomfikia mtu kabla ya maneno yake, na leo yalikuwa na hofu tupu. Chelangat akamfuta unga wa msumeno shavuni, mkono ukakawia pale kuliko kazi ilivyohitaji.

"Usiogope," alimwambia. "Kuwa tu vile ulivyo."

Ushauri mzuri. Ole wake asiyeufuata.

*

Mzee Kosgei aliingia kofia kichwani, fimbo kwapani. Nyuma yake alikuja Shangazi Chepkurui na mfuko wa ndizi, akipumua kwa nguvu.

"Chamgei, Mzee," alisalimia Joash, akiinama kidogo. "Chamgei, Mama."

"Wee! Kumbe anajua lugha yetu!" Shangazi alifurahi, akakaa bila kukaribishwa, akamenya ndizi.

Mzee hakufurahi wala hakuchukia. Alizunguka ubao polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua fahali mnadani. Akasimama mbele ya ng'ombe.

"Hivi ni nini?"

"Ni vita vya reli, Mzee. Wakati Wanandi walipoikataa reli, wakawa wanachukua waya za simu. Upande huu ni Wanandi na mifugo yao. Upande ule ni msafara wa serikali ya Waingereza, unatafuta kukamata ng'ombe ili wenyewe wanyenyekee. Wanafunzi wakicheza wanakumbuka. Wakisoma kitabuni wanalala."

"Babu yangu alitoka huko Nandi," alisema Mzee. "Alikuja Olenguruone na ng'ombe mmoja wa kijivu. Wengine hakusema walienda wapi." Akaokota ng'ombe mdogo, akamgeuza. "Huyu nani amempaka?"

"Mimi, Baba," alisema Chelangat.

"Umempa miguu mizuri." Akamrudisha. "Haya. Mwalimu, tucheze."

Baba kucheza! Joash alimweleza sheria: uzi wenye mafundo wa kupimia mwendo, dadu ya kuamua nani ameshinda pambano, zamu kwa zamu, na alama zote ni za ng'ombe: mwenye nao mwishoni ndiye mshindi. Mzee alichukua Wanandi hata kabla ya kuulizwa. Joash akachukua msafara.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mzee alicheza kwa makini, akificha wapiganaji msituni, akinong'ona na nafsi yake kwa Kinandi. Lakini hakuwa na uzoefu, na baada ya muda aliwasukuma vijana wake mbali mno kufuata waya za simu. Ng'ombe wake wote wakabaki kwenye uwanda, peke yao. Askari wa Joash walikuwa kwenye kivuko cha mto. Hatua moja tu, na ng'ombe wote wamekwenda.

Chelangat aliona. Joash aliona pia, kwa sababu mkono wake ulienda kivukoni, ukasimama, kisha ukawachukua askari wote ukawapandisha mlima usio na kitu.

Mungu wangu, Joash, usifanye hivyo, alisema Chelangat moyoni.

Zamu ya Mzee ikaja, wapiganaji wakarudi, wakawazunguka askari mlimani. Dadu ikarushwa. Msafara ukaisha.

"Umeshinda, Mzee!" Joash alipiga makofi. "Hongera sana. Kweli wewe ni jenerali!"

Shangazi naye akapiga makofi. Mzee Kosgei hakupiga. Alitazama ule mlima kwa muda mrefu, kisha akamtazama Joash.

"Huko juu ulienda kutafuta nini?"

"Mzee?"

"Kwenye mlima. Kuna nini?"

"Nilidhani... nilitaka kuona mbele."

"Umeona nini?"

Shangazi akaacha kutafuna.

"Kijana," alisema Mzee kwa sauti ya chini, "mimi nimechunga ng'ombe tangu nikiwa sifiki kiunoni kwa baba. Najua nikiwaacha wazi. Fisi akipita karibu na ndama asimguse, si kwamba ana heshima. Ana jambo lingine." Akachukua fimbo. "Umenidanganya kwa ng'ombe wa mbao. Nikikupa binti yangu utanidanganya kwa kitu gani? Chepkurui, beba ndizi zako twende."

"Baba!"

"Twende, nimesema."

Chelangat alimgeukia Joash, na hasira iliyomtoka ilikuwa ya mtu anayependa, ile mbaya kuliko zote.

"Kwa nini umefanya hivyo? Si nilikwambia uwe tu vile ulivyo? Mimi unanishinda kila wiki bila huruma! Mara moja ulinicheka hadi nikalia!"

"Ni babako, Chela!" Sauti ya Joash ilikatika. "Kwetu mtu hamshindi baba mkwe. Hata drafti. Hata akikohoa, unangoja amalize ndipo upumue. Marehemu baba angekuwa hapa angenichapa kwa kuketi tu meza moja naye. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa naheshimu. Sijui njia nyingine ya kumheshimu mtu aliyekulea wewe."

Mzee alikuwa amefika mlangoni. Hapo akasimama, mgongo kwao. Shangazi, mwenye ndizi nusu mkononi, akaona mwanya.

"Kosgei," alisema, "wewe mwenyewe ulipokwenda kwa wakwe zako, si ulikunywa maziwa yaliyoharibika ukasema ni matamu?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Uliumwa na tumbo siku tatu!"

"Chepkurui!"

Lakini Mzee alikuwa amegeuka. Alimtazama Joash tena, safari hii kama mtu anayejaribu kusoma chapa ya ng'ombe kwa mbali.

"Ninyi huko kwenu mnamheshimu mkwe kwa kumwogopa," alisema. "Kwangu, asiyekubali kushindwa si mshindani, na anayeninyima kushindwa ananidharau. Panga vitu upya. Ukinihurumia tena, usikanyage kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Na wewe Chelangat, toka hapo karibu naye. Unamchanganya."

*

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na Joash aliisema akiwa amekwisha kuamua liwalo na liwe.

"Mchezo wa pili watu huzunguka meza, Mzee. Mimi nachukua Wanandi. Wewe unachukua msafara. Mtu akikaa upande mmoja tu, anajua nusu."

"Kwa hiyo sasa mimi ni Mzungu?"

"Kwa muda tu."

Shangazi alicheka hadi ganda la ndizi likamwanguka. Mzee alivuta pumzi, akazunguka, akasimama upande wa reli akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa avae gauni. Akaanza kuwakagua watu wake mmoja mmoja.

"Hawa nyuma hawana bunduki. Wala mkuki. Wanafanya nini vitani?"

"Wabebaji," alisema Joash. "Chakula cha askari, maji, vyuma, vyote vichwani. Babu wa babu yangu alikuja hivyo kutoka upande wa Bungoma. Kazi ilipoisha, akabaki Nakuru. Alirudi nyumbani mara moja akakuta shamba limegawanywa, wakidhani alikufa. Basi akarudi kwenye kota. Sisi ndio watoto wa pale."

Mzee aliokota mbebaji mmoja, mwenye mzigo kichwani na kitambaa chekundu shingoni.

"Huyu ana kitambaa."

"Ndiye yeye," Chelangat alijibu kwa niaba ya Joash, ambaye alikuwa ameinamisha macho. "Hawana picha yake, Baba. Nikasema lazima awe na kitu cha kumtambulisha. Ni rangi yangu ya kucha ile ya Krismasi."

Mzee alimweka chini taratibu, akahakikisha amesimama wima.

Wakacheza. Ah, safari hii walicheza! Joash alikuja kama mtu mwingine, mikono imetulia, macho yameng'aa, na Chelangat alimtazama akasahau kuogopa. Huyu ndiye mwanamume wake. Huyu hapa, si yule wa kupiga makofi. Vijana wake walikata waya, wakatoweka msituni, wakatokea nyuma. Mzee naye hakulala. Alivuka kivuko alichokwepa Joash, akawakamata ng'ombe wote uwandani, akawaingiza kambini kwake, kando ya reli.

"Haya!" alisema, akipiga meza kwa ncha ya kidole. "Ng'ombe zangu!"

"Ni za Wanandi, Baba," Chelangat alimkumbusha.

"Ziko kwangu ni zangu."

Joash alipima kwa uzi, akawatoa wapiganaji msituni. Walitokea pale ambapo njia ilipinda, na mbele yao walikuwa wabebaji peke yao, mizigo kichwani, kambi iko mbali. Mzee akatazama. Askari wake walitosha kulinda kitu kimoja. Wakikaa kambini, ng'ombe wako salama na wabebaji wamekwisha. Wakitoka, ni kinyume chake. Sheria za mchezo hazikumpa hata alama moja kwa ajili ya mbebaji. Joash alikuwa amemwambia mwanzoni kwamba alama zote ni za ng'ombe, na alikuwa ameelewa.

Shangazi alijikuna, akaacha.

Kisha Mzee Kosgei aliwatoa askari wake kambini, mmoja mmoja kwa vidole vyake vinene, akawapanga kuzunguka wabebaji. Yule mwenye kitambaa chekundu akamweka katikati kabisa.

"Zamu yako," alisema.

Kambi ilikuwa wazi. Kambi isiyo na mlinzi haihitaji hata dadu. Joash aliitazama kambi, akawatazama wale askari waliomzunguka babu wa babu yake. Mtu anakutendea wema wa namna hiyo, unawezaje kumchukulia ng'ombe wake mbele ya macho yake?

Joash akainua macho. Hakumtazama Mzee. Alimtazama Chelangat, na swali lote la maisha yao lilikuwa machoni mwake. Chelangat alitamani kumwambia, lakini alikuwa amekatazwa kumchanganya. Akakunja mikono kifuani, akamtazama vilevile, bila kupepesa. Vile ulivyo, Joash.

Joash akanyoosha mkono. Akaingia kambini, akawachukua ng'ombe wote, hakubakiza hata ndama, akawavusha mto, akawaingiza msituni.

"Umeshindwa, Mzee," alisema.

Nje, msumeno wa kiwanda ulilia kisha ukanyamaza. Mzee Kosgei alikaa akiitazama kambi tupu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa sekunde moja mbaya Chelangat alidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kimya ambacho Chelangat hakuwa amekiona sana tangu mamake aondoke.

"Chepkurui, umeona?" alisema akipangusa macho. "Mimi namficha babu yake nyuma ya bunduki asife, na yeye ananiibia ng'ombe! Zote! Hata ndama!"

"Nimeona," alisema Shangazi. "Huyo si wa vidoli."

"Mzee, samahani, mimi..."

"Samahani ya nini? Ukiomba msamaha nitakasirika upya." Mzee alisimama, akavaa kofia vizuri. Alimwokota yule mbebaji wa kitambaa chekundu, akamshika kiganjani. "Huyu naenda naye. Nitamweka kwenye rafu, karibu na picha ya mama Chelangat. Wazee wakija wakaniuliza hawa watu kwao ni wapi, nitakuwa na wa kuwaonyesha."

Chelangat alisikia neno moja tu katika yote hayo. "Wazee, Baba? Wazee gani?"

"Si ulisema wajomba wake wanataka kuja Agosti? Nitakaa na nani, na ndama?" Akamgeukia Joash, fimbo ikimwelekea kifuani. "Na wewe. Zile ng'ombe ulizoniibia, uzirudishe nyumbani kwangu. Na usiniletee za mbao."

Chelangat alipita mbele ya Joash akamkumbatia babake, kofia ikaanguka, naye mzee akasimama pale mikono imening'inia kama mtu aliyemwagiwa maji, kisha akampigapiga mgongoni mara chache. Juu ya bega lake, Chelangat alimtazama Joash. Alikuwa bado ameshika ndama mdogo wa mbao, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepoteza akili. Akampenda hapo hapo, upya, kama mtu ambaye hakuwahi kumpenda kabla.

"Basi, basi," alisema Mzee, akijinasua. "Chepkurui, inuka. Tukanunue mbao kabla hawajafunga."

Shangazi alimkodolea macho. "Si uliniambia njiani kwamba mbao ni kisingizio?"

"Zilikuwa kisingizio," alisema Mzee Kosgei, akiokota kofia yake. "Sasa ng'ombe wanakuja. Unataka walale wapi?"